Kamera niliyoikagua kupita kiasi

Msimu wangu wa kwanza wa kutumia kamera ya porini, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita ili mwindaji ajue nyendo zake, nilikuwa naiendea kila baada ya siku mbili. Hamu ilinizidi. Nilikuwa nimeifunga kwenye shina la mti, kando ya mapito ya kulungu, na wiki ile ya kwanza tu ikanipa dume mzuri mwenye mapembe ya ncha 8, anapita saa 11 na robo jioni, mwanga ungalipo. Wiki ya pili akapita saa 2 usiku. Wiki ya tatu saa 7 usiku. Kisha nikawa napata majike na sungura tu.

Picha ya mwisho ya dume yule ninayo mpaka leo. Amenyoosha shingo hadi kwenye mkanda unaoshika kamera, pua imelowa, inang'aa, matundu yake yamepanuka. Nilipotazama saa iliyoandikwa chini ya picha nikaishiwa nguvu: zilikuwa zimepita dakika 40 tu tangu niondoke pale. Mkanda ule niliukaza kwa mikono mitupu, tena yenye jasho. Alikuwa akininusa mimi.

Tangu siku hiyo nimeacha kuhesabu picha. Natazama saa, natazama anatokea upande gani, na siku hiyo upepo ulivumaje. Picha 300 za usiku wa manane hazinisaidii kitu, lakini picha 3 za jioni, zote za siku ambazo upepo ulivuma kutoka upande mmoja, zinaniambia nikae wapi kumvizia.

Kadi inayohifadhi picha sasa naibadilisha mara moja kwa mwezi, adhuhuri kulungu wakiwa wamelala, na nikibahatika, mvua ikiwa inakaribia ili isafishe harufu yangu. Navaa glavu na mabuti ya mpira. Wanakolala sisogei kabisa. Kamera inakaa kwenye njia ya kwendea malishoni.

Kuna jambo lililonichukua muda kulielewa. Kihisi cha kamera hizi hakimtambui mnyama, kinahisi joto linalosogea mbele yake na kutofautiana na joto la mazingira. Ndiyo maana nyasi zilizopigwa na jua zikiyumba na upepo zinaweza kuijaza kadi yote. Fyeka kwanza nyasi zilizo mbele ya lenzi. Halafu ielekeze kamera mshazari na njia, maana ukiielekeza moja kwa moja ng'ambo ya njia, kulungu mwenye haraka atakuwa ameshapita na utabaki na picha ya mkia. Kwa sisi tulio kaskazini mwa ikweta, lenzi ikitazama kaskazini jua haliipigi usoni. Na baridi ikikaza, betri za lithiamu hudumu kuliko za alkalini.

Majira ya kupandana yakikaribia naihamishia kwenye mkwaruzo: pale dume anapoparua majani kwa kwato mpaka udongo ubaki wazi, akakojoa hapo, kisha akasugua uso kwenye tawi linaloning'inia juu yake. Madume wengi hupita kunusa mahali hapo, mmoja baada ya mwingine, hata nikawajua kwa mapembe yao.

Kamera zinazotuma picha kwenye simu papo hapo sizitaki kwa kuwinda. Kumfuata mnyama kwa sababu simu imelia sasa hivi kunamnyima nafasi yake ya kujiokoa. Jimbo la Arizona, Marekani, lilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2022 limepiga marufuku kamera zote za porini kwa shughuli ya kuwinda. Kwa hiyo soma sheria za unakowinda kabla ya kununua.

Kamera yangu iko mtini sasa, na leo ni siku ya 19 sijaikaribia. Mawingu yameanza kujikusanya. Yakinyesha kesho mchana, nakwenda kuchukua kadi.