Jinsi nilivyotatua kushuka kwa shinikizo la petroli kwenye injini ya tabo

Injini ya Subaru EJ20 niliyoijenga kwa mashindano, yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) kubwa kuliko ya awali, ilikuwa ikikohoa kila ilipovuka mizunguko 5,500 kwa dakika, ingawa pampu ya petroli ilikuwa mpya. Geji niliyoifunga kwenye reli ya injekta, yaani bomba linalogawa petroli kwa vinyunyizio vya injini, ilionyesha sababu: shinikizo lililopaswa kuanzia baa 3 na kupanda sambamba na msukumo wa tabo lilikuwa likishuka. Petroli ilibanwa njiani, hasa kwenye kona kali za digrii 90.

Niliweka hozi ya AN-8 (AN ni mfumo wa vipimo vya hozi na viungo vyake), inayolingana na bomba la nusu inchi, kupeleka petroli, na AN-6 kuirudisha tangini, huku kona zikiwa za bomba lililopindwa taratibu. Nilichagua hozi yenye utando wa tefloni, kwa kuwa mpira hupitisha mvuke wa petroli hata usipovuja, na mvuke huo ndani ya gari ni hatari ya kweli. Hozi hiyo hudai fitingi (viungo vya mwisho wa hozi) zake maalumu zenye pete ya shaba. Za hozi ya mpira hazifai kabisa.

Kiungo cha chujio kiliendelea kuvuja. Adapta iliyokuja nacho ilikuwa na koni (uso ulioinama unaobanana na mwenzake ili kuziba) ya digrii 45, ilhali AN hutumia digrii 37, na kwa kuwa uzi (mikato ya kukazia nati) wa aina hizo mbili hufanana katika kipimo cha AN-8, nati hukaza vizuri bila koni kukutana sawasawa. Niliibadilisha na kuifunga bila tepu ya kuzungushia uzi, kwani kinachozuia petroli ni koni, na vipande vya tepu huweza kuziba injekta. Sasa shinikizo linapanda pamoja na tabo hadi mizunguko 7,000.