Muizenberg, ufuo wa kujifunzia mawimbi

Mtu anayefika Cape Town akitamani kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi kwa mara ya kwanza, ningemshauri aanzie Muizenberg, kwenye ghuba ya False Bay. Nilikwenda kwa treni ya njia ya kusini, ile inayoishia Simon's Town, nayo hushusha abiria karibu kabisa na bahari.

Sakafu ya bahari hapa ni mchanga unaoteremka polepole, kwa hiyo wimbi huanza kuvunjika mbali na pwani, kisha huja kwa utulivu na kwa masafa marefu, likimpa anayejifunza nafasi ya kupiga magoti kwanza na kusimama baadaye. Ndiyo maana pale Surfers' Corner, pembe moja ya ufuo huu, utawakuta watoto na wazee wakiwa wamepanda wimbi moja, jambo ambalo kwenye fuo nyingine huhesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Msongamano huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote: ubao ulioachwa ovyo humgonga aliye nyuma, na kila anayeingia majini anapaswa kuushika wa kwake hata anapoanguka.

Wengi huulizia papa. Tangu mwaka 2004 mpango wa Shark Spotters umekuwa ukiweka watu mlimani, juu ya ufuo, wakiyachunguza maji kwa darubini na kuwasiliana kwa redio na wenzao walio chini. Bendera ya kijani humaanisha kwamba maji yanaonekana vizuri na hakuna papa aliyeonekana. Nyeusi, kwamba hali ya kuona ni mbaya. Nyekundu, kwamba tahadhari ni kubwa. Ikipandishwa nyeupe yenye picha ya papa na king'ora kikalia, kila mtu hutoka majini mara moja. Niliwatazama kwa muda mrefu watu hawa wanaokesha macho juani kwa ajili ya wageni wasiowajua, na ninaamini kazi yao inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Ufuo huu haukuwa wa wote siku zote. Chini ya sheria ya mwaka 1953 iliyotenganisha huduma za umma kwa rangi, Muizenberg ilitengewa Wazungu, na fuo za nchi zilifunguliwa kwa kila mtu mwaka 1989 tu. Nilipowaona watoto wa rangi zote wakifundishwa pamoja, sikuweza kulichukulia jambo hilo kuwa la kawaida.

Kuhusu majira, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu wakati wa kiangazi na kuyavuruga mawimbi, hasa alasiri, kwa hiyo inafaa kuwahi asubuhi. Wakati wa baridi upepo wa kaskazini-magharibi hutoka nchi kavu na kuyanyoosha mawimbi vizuri sana. Kwa vazi zito la mpira, mimi ningechagua majira hayo ya baridi.