Chozi kwenye chupa ya maji ya sukari, hapa Malindi

Ndege wa Marekani anayenyonya maua huku akielea hewani hatumpati huku. Tuliye naye ni chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayenyonya maji matamu ya maua. Tofauti hii inabadilisha chupa yenyewe ya kumlishia: chozi hupenda kutua, kwa hiyo funga kijiti chembamba chini kidogo ya tundu. Bila kijiti atazunguka mara mbili tatu, kisha arudi kwenye ua la mgomba.

Robo kikombe cha sukari nyeupe kwa kikombe kimoja cha maji. Chemsha, koroga, acha ipoe kabisa. Usitie rangi nyekundu. Rangi hiyo paka kifuniko cha chupa tu. Asali usiiguse, huchacha upesi na kuotesha kuvu. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai.

Kinachowasumbua wengi ni kuvuja. Chupa iliyopinduliwa ikiwa nusu tupu na jua likaipiga, hewa ya ndani hutanuka na kusukuma maji nje, halafu sisimizi ndio hao. Itundike kivulini, tumia chupa ndogo, na uijaze. Juu yake pitisha waya katikati ya kifuniko kipana, ziba tundu kwa gundi, kisha tia maji: sisimizi hawavuki. Mafuta hapana, yatamganda ndege manyoyani.

Kwa joto letu badilisha kila siku. Maji yakifanya ukungu yameshachacha; mwaga, sugua chupa kwa maji moto.

Na panda mshubiri karibu. Chozi huja kwa maua kwanza, chupa baadaye. Tena anahitaji wadudu, hasa wa kulisha makinda, basi usipulizie dawa.