Mifereji ya Wachaga pale The Hague

Tramu ninayopanda kwenda kazini hupita mbele ya Kasri la Amani, makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Watalii hupiga picha langoni. Mimi miaka ya kwanza nililitazama kama nyumba ya watu wengine.

Na wenyewe wapo. Mwenzangu mmoja kazini, Mholanzi, akimtaja Grotius, mwanasheria wa kale wa kwao, utadhani ni babu yake mzaa baba. Grotius ndiye aliyechapisha mwaka 1609 hoja kwamba bahari haina mwenyewe. Nilimkumbusha, kwa adabu, kwamba hoja hiyo ilizaliwa katika kuitetea kampuni ya Kiholanzi iliyoteka meli ya Wareno, Santa Catarina, mwaka 1603. Akacheka tu.

Ila hata mimi nina babu yangu. Darasani tunakojifunza Kiholanzi nakaa na Mmisri mmoja, na siku moja tulishikana mashati (kwa maneno) juu ya mkataba wa Nile wa 1929, ule uliotaka ridhaa ya Misri kabla ya kazi yoyote ya kuyapunguza maji yake kule juu. Kwake hiyo ni haki iliyokuwepo hata kabla ya karatasi, tangu enzi za Mafarao. Kwangu ni sahihi ya Mwingereza. Nimekulia kwenye msimamo wa Nyerere: mikataba ya mkoloni ilipewa miaka miwili ya kuangaliwa upya, na mwaka 1962 Tanganyika ikatamka kwamba huo wa Nile hauifungi. Neno "mkataba" ni lilelile. Yeye husikia urithi, mimi nasikia deni la mtu mwingine.

Kisha nikasoma kesi ya mahakama ile ya Kasri, ya mwaka 1997, Hungaria na Slovakia wakigombea mabwawa ya mto Danube. Jaji Weeramantry wa Sri Lanka aliandika maoni yake ya pekee: kuendeleza nchi bila kuiharibu si wazo lililozuliwa kwenye mikutano ya juzi. Akaeleza mabwawa ya kale ya kwao, halafu, nikarudia mstari, mifereji ya umwagiliaji ya Wachaga na Wasonjo, watu wa kwetu Tanzania. Ndani ya Kasri lile!

Nilimchapishia Mmisri kurasa zile. Kabla ya kusoma aliuliza kama Misri imo.

Imo.