Kifuniko cha tanki

Jumamosi nilikuwa nafungua kabureta ya jenereta, kitinda mimba wangu ameshika tochi. Nilipolegeza bakuli la floti yakamwagika mafuta ya rangi ya chai ya mkandaa, naye akaziba pua. "Baba, mbona petroli inanuka kama kiwi cha viatu?"

Nikamwambia petroli ikikaa miaka huchacha: ile nyepesi huruka hewani, inayobaki hugeuka gundi. Jibu lilimtosha. Mimi harufu ile ilishanibeba mpaka stoo ya Mombo, nyuma ya magunia ya mpunga, Desemba 2009, kwenye pikipiki ya Honda ya Mzee, baba yangu.

Honda yenyewe ni CG125, ya kiki, umeme wa volti 6, cheni imefungiwa ndani ya boksi la bati. Ilikuwa imelala tangu 1998. Mzee alikuwa ametoka hospitali mwaka ule, mkono na mguu wa kulia vimelala, maneno hayatoki. Mchana kutwa tulimkalisha barazani, nami nikaitoa Honda uwanjani mbele yake. Nilikuwa na wiki tatu za likizo.

Kiki ilikuwa imegoma, kama kukanyaga jiwe. Hapo ndipo injini nyingi za zamani huuawa, maana mtu husimama juu ya kiki kwa uzito wake wote. Ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na kutu ya silinda, nguvu ile huzivunja, au hung'oa meno ya gia ya kiki. Nilitoa plagi, nikamimina tunduni vijiko vinne vya dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya gia otomatiki, nikaiacha siku mbili. Siku ya tatu nikaingiza gia ya mwisho, nikashika gurudumu la nyuma na kulisukuma mbele na nyuma polepole. Ukizungusha injini kutokea kwenye gurudumu, gia kubwa ndiyo inayoupa mkono nguvu. Ikalia "kwik" moja, ikaachia.

Kuachia si kupona. Nilifungua hedi na bloku nikakuta silinda ina mstari wa kutu pale ringi zilipokuwa zimelala, unaoshikika kwa ukucha. Mstari wa namna hiyo hauondoki kwa msasa. Kwa kuhakikisha niliingiza ringi moja peke yake silindani, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, nikapima nafasi kati ya ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Ikizidi milimita 0.5 imekwisha. Ile ilikuwa na 0.7.

Bahati niliyokuwa nayo ni pikipiki za Kichina. Nyingi zilizokuwa zimeanza kujaa barabarani miaka ile zilitengenezwa kwa kuiga injini hii hii, kwa hiyo vipuri vyake vilipatikana Korogwe kwa bei ya mtu wa kawaida. Ila usinunue kwa jina tu. Beba kipuri cha zamani mfukoni, ukilinganishe pale pale dukani, hasa pini ya pistoni na matundu ya gasketi. Na ununue pistoni kwanza ndipo uchonge silinda. Pistoni ya kawaida ni milimita 56.5, mimi nilichukua iliyozidi kwa 0.50, nikaipeleka pamoja na bloku kwa mchongaji wa Tanga mjini, aipime na kuichongea silinda yake. Anayechonga kwanza akatafuta pistoni baadaye huishia na injini inayogonga ikiwa mpya.

Mengine yalikwenda haraka. Ekzosi ilikuwa na nyumba tatu za nyigu wa udongo, nikazitoa kwa waya mnene. Ubavu wa kulia, ndani ya kifuniko cha klachi, kuna chujio la oili linalozunguka na kutupa uchafu pembeni kama mashine ya kutenga krimu ya maziwa. Nilikuta humo tope jeusi lililokauka nikalikwangua kwa kijiti. Wengi hubadilisha oili miaka kumi bila kulifungua. Cheni, kwa sababu ya lile boksi lake, niliikuta bado ina grisi. Sijaelewa kwa nini watengenezaji waliacha kufunika cheni.

Tanki lilikuwa na kutu inayobanduka. Niliziba tundu la koki, nikaweka kokoto ndogo mikono mitatu na siki mpaka juu, nikawa nalitikisa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Baadaye nikasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, nikalianika juani, na palipokauka tu nikazungusha ndani petroli yenye oili kidogo. Ukichelewa saa moja bati tupu linarudi kuwa jekundu.

Kabureta ndiyo ilikuwa na harufu ya Jumamosi. Jeti ndogo, ile ya silensa, ina tundu jembamba mno, nalo lilikuwa limeziba kabisa. Lisitobolewe kwa sindano ya kushonea, utalipanua na injini haitatulia tena. Niliiloweka usiku mzima kwenye petroli safi, kisha nikapitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Skrubu ya hewa nikaifunga taratibu hadi mwisho, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu.

Platini, ile inayokatisha umeme ili plagi itoe cheche, niliisugua kwa msasa laini nikaiweka milimita 0.35, plagi 0.7. Tapeti zote mbili, yaani nafasi za vali, 0.08, injini ikiwa baridi, alama ya T (pistoni iko juu kabisa) imesimama mahali pake na fimbo zote mbili za kusukuma vali zimelegea. Oili karibu lita moja, kisha kijiti cha kupimia kiegemezwe tu tunduni, kisifungwe, ndipo kisome sawa.

Siku ya kumi na mbili iliwaka kwa kiki ya nne. Mama alitoka jikoni akapiga kigelegele. Mzee hakutikisika. Alikuwa anasikiliza.

Ikabaki rangi. Kromu ya kifuniko cha tanki ilikuwa imebabuka, nikaona nikipulize rangi nyekundu pamoja na tanki lake. Kesho yake nikaifunga yote, nikaondoka kuelekea Korogwe. Haikumaliza kilomita nne. Ikaanza kukohoa, ikapunguza nguvu, ikazima. Nikasubiri, nikapiga kiki, ikawaka vizuri kana kwamba hapakuwa na lolote. Kilomita nne nyingine, ikazima tena.

Kila fundi niliyemuuliza alisema kandesa, kile kipuri cha umeme wa plagi, na si vibaya kusema hivyo, maana kandesa mbovu hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Nikabadilisha kandesa. Nikabadilisha koili. Nikafungua kabureta mara mbili, nikapima floti. Kila nilipoifungua uwanjani nilikuta kila kitu kizima. Nilishindwa kusikia jambo ambalo injini ilikuwa inalisema wazi: ikikata moto wa plagi huzima ghafla, kama taa. Yangu ilikuwa inafifia na kukohoa. Ilikuwa inakata mafuta.

Katika siku hizo Mzee aliniita mara mbili. Aliinua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole kwenye tanki. Mara ya kwanza nilidhani anauliza kama nimeweka petroli. Nikamfungulia, nikainamisha Honda mpaka akaona mafuta yanang'aa. Akashusha mkono. Mara ya pili, kesho yake, nikafanya vile vile, naye akafumba macho kama mtu aliyechoka. Nikadhani ni ugonjwa.

Zikiwa zimebaki siku tatu likizo iishe niliamua kuipandisha barabara ya mlima ya kwenda Soni. Palikuwa na joto lile la Mombo linalopanda kutoka kwenye lami hata jua likishaanza kulala. Kwenye kona ya tatu, gia ya pili, mkono wa mafuta umefunguliwa wote, nikaisikia inaanza: kwanza inapotea pigo moja, halafu mawili, halafu mlio unakuwa mkavu, mwembamba. Ikasimama pembeni ya ukingo wa mawe. Lori la kabichi lilipita likishuka, breki zinalia, na lilipopotea pakawa kimya kiasi kwamba nilisikia mapezi ya silinda yakipoa, tik, tik, tik.

Sikutoa spana safari hii. Nilikaa chini nikaiangalia. Na kwa kuwa sikuwa na wazo jingine, nikafanya kile kile nilichomfanyia Mzee: nikashika kifuniko nikakizungusha ili nione mafuta.

Kilikuwa kizito. Kilinivuta mkono, kama mfuniko wa chupa ya chai iliyofungwa ya moto ikapoa. Kikaachia, na tanki likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, ya mtu aliyezibwa mdomo. Halafu chini ya mguu wangu, ndani ya kabureta, nikasikia petroli inaingia kwenye bakuli, sauti ndogo ya kisima, gu, gu, gu, ikapungua, ikanyamaza. Nikapiga kiki moja. Ikawaka.

Petroli ya CG haina pampu. Inashuka kwa uzito wake, na kila tone linaloshuka lazima hewa iingie juu kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo hupita kwenye tundu moja la kifuniko, dogo kama la sindano, na mimi nilikuwa nimeliziba kwa rangi. Ndiyo maana ilienda kilomita zile zile kila mara, ndiyo maana ilijiponya ikisimama, hewa ikipenya kidogo kidogo pembeni mwa raba. Na ndiyo maana uwanjani ilikuwa nzima: nilishamfungulia Mzee kifuniko kabla sijaanza kupima.

Nilizibua pale pale kwa mwiba. Nikafika Soni, nikageuza bila kushuka, nikarudi Mombo gizani kwa taa ya volti 6 ambayo inaonyesha kidogo kuliko mbalamwezi. Haikukosa pigo.

Mzee alikuwa bado barazani. Nikaizima mbele yake, nikamwonyesha kifuniko, nikamweleza yote, tundu, rangi, kona ya tatu. Alinitazama usoni muda mrefu. Kisha akainua mkono wa kushoto akanyoosha kidole tena, kule kule. Nikafungua, nikainamisha, akatazama mafuta. Alifariki Machi.

Mama anasema nisijisumbue. Anasema huyu mtu maisha yake yote hakuondoka nyumbani bila kuchungulia petroli, na ndilo alilokuwa anataka, kuchungulia. Inawezekana. Lakini mimi nakumbuka kuwa mara ile ya pili, kabla hajafumba macho, nilikuwa nimekwisha kukitoa kifuniko na kukiweka juu ya kiti, na kidole hakikulifuata tanki, kilifuata kifuniko. Najiuliza kama kweli niliona hivyo siku ile, au nimeanza kuona hivyo baada ya kona ya tatu.