Tathmini ya saa kumi na tano

Siku ile ya tathmini, mama hajaketi vizuri akauliza: "Mwalimu, huyu atamaliza tiba lini?" Mwanawe mwenye usonji alikuwa na miaka 7, na alikuwa akihudhuria tiba ya tabia saa 15 kwa wiki tangu akiwa na miaka 4.

Nikafungua faili. Tabia iliyowachosha wote nyumbani ilikuwa kujigonga kichwa. Karatasi za ufuatiliaji, zenye safu tatu (kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata), zilionyesha jambo lile lile kila ukurasa: anapewa kazi ngumu, anajigonga, kazi inaondolewa. Kwa hiyo tulimfundisha kutoa kadi ya kuomba kupumzika. Mwanzoni akitoa kadi anapumzika papo hapo, kisha anasubiri sekunde 5, kisha 10, na kuendelea. Hapo ndipo wengi huharibu. Wakiona mambo yametulia wanaruka hadi dakika 5, kadi inakosa maana, na mtoto anarudia kujigonga, safari hii kwa nguvu zaidi.

"Si ameshaacha?" mama akauliza. Kwetu kwenye tiba, ndiyo. Nyumbani alimpa kadi mama peke yake. Bibi yake aliendelea kumwondolea kazi kila akijigonga. Tulichokuwa tumekubaliana ni kwamba aombe bila kukumbushwa mara 8 kati ya 10, kwa watu watatu tofauti, nyumbani na shuleni.

Baba alikuwa amesikia habari za saa 40 kwa wiki. Saa hizo zinatokana na utafiti wa mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa mwaka 1987 huko California, uliohusu watoto wadogo mno, kwa miaka miwili au zaidi. Si dozi ya kila mtoto.

Tukakubaliana kushuka hadi saa 10, baadaye 6, na sehemu ya saa zilizobaki tumfundishe bibi. Kujigonga kukiongezeka wiki mbili mfululizo, tunapanda ngazi moja. Baada ya hapo ni kumkagua kila miezi mitatu, na vikao vichache tena akibadili shule au akibalehe, maana mahitaji hubadilika.

Mama akaomba kadi mbili za bibi, kwa sababu moja ingepotea tu.