Kuikata sendoff ya GB 36 iingie kwenye DVD

Naanza na msimamo wangu kabisa, kama video inaweza kugawanywa kwa shughuli basi usiigawanye kwa programu. Yaani bibi harusi kuingia ukumbini disc yake, keki na utambulisho disc yake, halafu zawadi nazo zao, maana kwa sendoff za huku Mbeya zawadi zinaweza kula nusu ya video nzima, ukoo wa Tukuyu ukianza kupanda mbele na vitenge na masufuria wewe badilisha betri tu uendelee. Ukigawanya hivyo, siku disc moja ikifa umepoteza keki lakini kilichobaki kinacheza. Ukikata kwa 7-Zip, ile programu ya kubana na kugawa mafaili, vipande tisa halafu cha nne kikagoma, vile nane vilivyobaki ni mzigo tu, havifunguki vikakupa video.

Klipu mbichi za kamera wala hazina shida hiyo. Kadi ya FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye kadi) haikubali faili moja kufika GB 4, kwa hiyo kamera nyingi zinakata zenyewe huku zinarekodi na kila klipu inaingia kwenye DVD bila kuguswa. Kinachosumbua ni ile master, faili moja uliloeksipoti baada ya kuedit, GB 36 limekaa kama jiwe la Rungwe, na kulipandisha mtandaoni kwa bando sijui nani anaweza.

Sasa hesabu. Boksi la DVD limeandikwa GB 4.7 lakini ukiiweka kwenye Windows unaona kama 4.37, sio kwamba umeibiwa, kiwanda kinahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024. Ndo maana 7-Zip kwenye sehemu ya kugawa volume inakupa 4480M kwa ajili ya DVD. Mimi naandika 4300M kwa mkono, sababu inakuja. Na kwenye kiwango cha kubana chagua Store, yaani weka bila kubana, video ya H.264 (aina ya kubana video) imeshabanwa tayari, ukiilazimisha tena utaunguza umeme wa luku bure na faili litabaki vilevile.

GB 36 kwa vipande vya 4300M inatoka vipande tisa, .001 mpaka .009. Wengi wanaishia hapo wanachoma, wanatulia. Mimi hapo ndo nafungua MultiPar, ya bure, natengeneza mafaili ya PAR2 ya asilimia 12, yanakuja kama 4400M na kidogo, yanajaa disc ya kumi bila kumwagika. Hii disc ya kumi haina video hata sekunde moja, ni hesabu za kurekebishia, lakini ikipotea disc yoyote kati ya zile tisa, moja nzima, iwe imevunjika au mtoto kaifanya tairi la gari lake, MultiPar inakirudisha kile kipande kama kilivyokuwa. Ningekata 4480M hayo mafaili ya kurekebishia yasingetosha disc moja, na pia nafasi inayobaki kwenye kila disc naweka kifaili kidogo cha maandishi: jina la shughuli, tarehe, disc ya ngapi kati ya ngapi, na SHA-256 za vipande vyote, yaani namba za kuhakikishia kwamba kipande hakijaharibika.

Kuna mama alinipigia, harusi ya mwanae ilishapita zamani kidogo.
"Shikamoo mama."
"Marahaba baba, ile video ya sendoff bado unayo? Flashi yetu imekufa."
"Ipo mama, nipe mpaka jioni."
Jioni kwa sababu lazima ukopi vipande vyote kwenye folda moja, majina usiyaguse, ufungue .001 ndo itoe faili, na hard disk iwe na nafasi mara mbili, ya vipande na ya video yenyewe. Kama uligawa kwa amri ya split ya Linux bila 7-Zip, unaunga kwa amri ya cat, au kwenye Windows copy /b, ila hakikisha mpangilio ni sahihi.

Kuchoma: Windows ikiuliza, usichague ile ya kuitumia disc kama flashi, chagua ya CD/DVD player. Spidi 4x au 8x, kwa 8x disc iliyojaa ni kama dakika nane hivi, mvumilie. Tumia laptop yenye chaji au UPS, maana umeme ukikatika katikati DVD-R imeshakwenda hiyo. Ikiisha weka verify, programu ikague kilichochomwa, halafu ijaribu kwenye mashine nyingine, isiwe ile iliyochoma.

Stika za karatasi hapana kabisa, andika kwa peni ya disc. Kwenye CD data ipo chini ya lebo pale juu, ukikwaruza upande wa maandishi umeua, DVD angalau data ipo katikati ya plastiki mbili. Jua ndo adui, kwa hiyo za dukani zilizokaa kwenye kioo cha mbele barabarani mimi sinunui hata kwa bei ya kutupa.

Mwenye Blu-ray raita (mashine ya kuchomea disc za Blu-ray), disc moja ni GB 25, kwake hii yote ni disc mbili tu na ya tatu ya PAR2. Anayejua duka la Mwanjelwa au Kabwe lenye blank za Blu-ray aandike hapo chini na bei.